Gumzo la ukoo: maandishi ya kaburi la Babu

Shangazi Mpwapwa: Hamjambo wanangu. Fundi kaja tena leo. Vigae vimefika, mchanga upo, saruji ipo. Anasubiri maandishi ya jiwe tu. Herufi moja 1,500, kuchonga na kupaka rangi.

Kaka Joshua: Shikamoo Shangazi. Herufi moja? Si neno?

Shangazi Mpwapwa: Marahaba. Herufi. Nukta hatozi 😂

Neema: Shikamooni wakubwa. Mimi niliandaa hivi: HAPA AMEPUMZIKA MPENDWA BABA YETU NA BABU YETU. ALIZALIWA 1918, ALIFARIKI 1996. BWANA ALITOA NA BWANA AMETWAA, JINA LA BWANA LIBARIKIWE.

Kaka Joshua: Hiyo ni laki na sitini na ushee, na jina la marehemu bado hujaliweka.

Baba Mdogo Dar: Neema mwanangu, 1918 umeitoa wapi?

Neema: Kwenye cheti chake cha ubatizo, Baba Mdogo.

Baba Mdogo Dar: Alibatizwa mtu mzima, waliomwandikia walikadiria. Mzee mwenyewe ukimuuliza umri alikuwa anajibu, "Mimi wa Mtunya." Basi, hapo umemaliza.

Neema: Mtunya ndiyo nini?

Shangazi Mpwapwa: Njaa kubwa ya Ugogo, wakati wa ile vita ya Mjerumani na Mwingereza. Majeshi yalipita yakachukua ng'ombe na nafaka, wanaume wakabebeshwa mizigo, mvua nayo ikagoma. Mama yake Babu yenu alikuwa na mimba yake mume alipochukuliwa upagazi. Hakurudi. Kaburi lake hakuna anayelijua.

Baba Mdogo Dar: Na ndiyo hoja yangu. Tunajenga la mtoto, jina la baba yake nalo liwekwe.

Baba Mkubwa: (Naandika mimi mjukuu wake, anasema niandike hivi hivi.) Nimewasikia. Kaburi lina mwenyewe. Mtu ambaye mifupa yake haipo utamwandikaje hapo? Watu wakipita watauliza amezikwa lini.

Baba Mdogo Dar: Shikamoo kaka. Sanamu ya Askari hapa Posta haina mfupa hata mmoja na iko tangu 1927. Halafu iangalie vizuri: juu kasimama askari na bunduki, singe imeelekea bandarini. Wapagazi wametajwa huko chini kwenye maandishi, wote kwa mkupuo, hakuna jina.

Kaka Joshua: Kariakoo nayo ilikuwa kambi yao. Nina fremu pale, nikimwambia mteja anadhani namchelewesha chenji.

Neema: Nimekuta kitu. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti 2021. Wamekiri kuna watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, waliokufa kwenye vita ile na hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Na gavana mmoja wa Kiingereza alisema kwamba mwenyeji wa kawaida wa Gold Coast, Ghana ya leo, hawezi kuelewa jiwe la kaburi.

Shangazi Mpwapwa: Angekuja amwone fundi anavyotuhesabia herufi.

Kaka Joshua: 😂😂😂

Baba Mdogo Dar: Dada umemaliza kesi.

Shangazi Mpwapwa: Kaka, uko hapo? Fundi kakaa kwenye toroli anakunywa uji wangu.

Baba Mkubwa: (Mjukuu tena.) Liandikwe. Ila si kichwani, kichwani ni pa baba. Liwekwe upande wa miguuni. Na asiandikwe amelala hapa wala amepumzika hapa. Uongo makaburini sitaki.

Neema: Sawa Baba Mkubwa. Basi kichwani jina kamili la Babu, halafu WA MTUNYA – 1996. Miguuni: MWANA WA, jina la baba yake, MPAGAZI. HAKURUDI.

Baba Mdogo Dar: Hapo sawa kabisa.

Kaka Joshua: Na mstari wa Biblia?

Shangazi Mpwapwa: Huo kwaya wataimba, hawatozi kwa herufi. Joshua, nikiangalia daftari hapa, wewe bado hujatoa.

Kaka Joshua: Natuma jioni nikifunga, Shangazi.

Shangazi Mpwapwa: Tuma na ya kutolea.