Gereji imeuza injini ya Peugeot 504 yangu kwa kilo na bado wananidai pesa

Wadau, nimekaa siku nne bila kuandika juu nilijua nikiandika ile siku ya kwanza ningetukana watu. Hasira bado iko lakini acha niseme.

Wale wa hapa siku nyingi mnakumbuka ile Peugeot 504 stesheni wagoni niliyowaonyesha picha zake mwezi wa tatu, ile ya Njoro. Mwalimu mstaafu, mwenyewe wa kwanza, gari imesimama chini ya saiprasi miaka tisa na kuku wanataga kwa kiti cha nyuma. Kutu ilikuwa chini ya milango na pale betri inakaa, basi. Zile springi nne za nyuma zote ziko, logibuku iko kwa jina lake, na injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, XM7, 1796 cc, namba inalingana na ya logibuku. Mzee aliniambia hii gari imebeba mahindi, imebeba wagonjwa usiku, imebeba hadi maiti ya mamake kutoka Kisii, na haijawahi kulala njiani. Nikalipa 180,000 na sikubishana hata shilingi juu ya heshima ya huyo mzee.

Shida yake ilikuwa hedi gasketi tu, ile inaziba kati ya hedi na bloki. Maji yalikuwa yanapungua. Nikapeleka gereji moja hapa Nakuru, jina sitaji, nikawaambia kwa mdomo na nikawaandikia kwa karatasi: toeni hedi, ipelekwe isagwe, wekeni gasketi mpya, kitu ingine msiguse. Na nikawaeleza polepole, na hapa ndio roho inaniuma kabisa, kwamba laina za 504, zile silinda pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, hazijashindiliwa kwa bloki kama za Toyota. Zimezungukwa na maji, chini zimekalia siili, na kinachozishikilia juu ni hedi yenyewe. Ukishatoa hedi unazibana kwanza na bolti na washa kubwa, ndio mtu aruhusiwe kugusa krenki, ile shafti inayosukuma pistoni. Mtu akizungusha bila kubana laina zinainuka, siili zinaachilia, maji yanashuka kwa sampu, pale chini oili inakaa. Fundi mkuu akaitikia, "sawa boss, hizi tumezifanya sana."

Nikaenda kazi Kisumu wiki mbili. Siku ya tano simu: boss injini imekufa, oili imegeuka kama chai ya maziwa. Nikajua papo hapo wamezungusha krenki. Na hata hapo injini haijafa! Unatoa laina, unaweka siili mpya, ama kama zimelika unanunua seti ya laina na pistoni unarudisha kwa bloki ile ile, hakuna kuchonga bloki, hiyo ndio sababu ilitengenezwa hivyo. Nikawaambia wacheni kila kitu nakuja Jumamosi.

Jumamosi nafika nakuta ndani ya gari yangu kuna injini ya dizeli ya Toyota, ile ya matatu inaitwa 2L. Wamekata krosimemba, ile chuma ya mbele inayopita chini ya injini, na grenda. Wamechomelea vipande vya chuma viwe mauntini za kushikilia injini, welding yenyewe hata ya geti siwezi kubali. Pua ya gari imeinama. Nauliza XM7 iko wapi, wananiangalia. Kijana mmoja ndio akasema imechukuliwa na mtu wa skrapu, pamoja na karabureta, distributa, na ile feni ya Peugeot yenye sumaku inayojizima injini ikipoa. Walipewa 2,800. Halafu mkubwa wao ananipa karatasi ya 95,000, eti wamenifanyia apgredi, eti injini ya babu haina spea.

Sasa nina gari yenye namba ya injini kwa logibuku ni ya Peugeot na iliyo chini ya bonet ni ya kitu ingine sijui ilitoka gari gani na karatasi hawana. Trafiki akinisimamisha pale Salgaa nimwambie nini?

Na lawama ingine ni yetu hapa. Mtu akileta gari ya zamani, kabla hajamaliza sentensi watu kumi wameandika "toa hiyo, weka Toyota." Mafundi wanasikia hiyo lugha kwetu. Mimi sikatai kuongeza nguvu, ila fanyeni kwa akili. Ukitaka 504 ya 1.8 ipande Mau Summit na mzigo bila kulia, tafuta XN1, injini ya Peugeot 505, 1971 cc. Ni familia moja na XM7, pistoni inapanda na kushuka milimita zile zile 81, ila upana wa silinda umetoka 84 ukaenda 88, na hukati chuma cha mtu. Unataka dizeli, Peugeot wenyewe walikuwa na injini yao ya XD2 ya 2304 cc. Na yule ndugu wa Kitale aliyeuliza hapa aweke injini gani kwa Datsun 160J yake, usisikize wanaokwambia uweke ya Nissan Note, tafuta L18, ama L20B, ni familia moja na L16 iliyotoka nayo, ila ujue bloki ya L20B ni ndefu kuliko ya L16 so pima bonet na ekzosi kabla hujanunua.

Huyo mkubwa wa gereji aliniambia eti gari za Wafaransa ni bure. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978, kwa hii hii matope yetu. Na hizi 504 ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha, kwa hivyo spea ziko, ni uvivu wa kutafuta.

95,000 silipi. Nimeripoti, gari nimeivuta hadi kwangu. Ninachotafuta sasa: XM7 ama XN1 kamili, hata iliyoshikana, na krosimemba ya mbele ya 504, kutoka Nakuru hadi Busia nitakuja na pikapu mwenyewe. Na kama wewe ni wa skrapu na kuna bloki ya Peugeot uliletewa ndani ya hizi wiki mbili, imelala upande, imeandikwa XM7, tafadhali usiipasue. Nitakulipa mara tano ya ulichotoa.