Mrejesho: Hati ya uwakilishi ya kaka yangu aliye Doha

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza iwapo ujumbe wa simu wa kaka yangu, anayefanya kazi Doha, ungetosha kunipa mamlaka ya kuuza kiwanja chake cha Mukono, Uganda. Hautoshi. Wakili alinieleza kwamba mwenye ardhi hana budi kutia sahihi hati ya uwakilishi, yaani hati inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, mbele ya shahidi anayetambuliwa na sheria, na kwa kuwa kaka yuko ng'ambo, alitia sahihi huko huko mbele ya mthibitishaji wa hati. Rasimu ya kwanza ilisema "mambo yangu yote". Niliikataa, maana sikutaka mamlaka nisiyoyahitaji, na sasa zimeandikwa namba ya bloku, namba ya kiwanja na neno "kuuza" tu. Imeshasajiliwa. Kilichonigusa zaidi ni kwamba, kwa kuwa shemeji, mke wa kaka, na watoto wanaishi na kulima hapo, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya shemeji hata kama nina hati hiyo mkononi; alisoma kila ukurasa taratibu, akauliza maswali mawili, kisha akatia sahihi. Mamlaka haya hukoma mara aliyeyatoa akifariki, kwa hiyo tunaharakisha uhamisho wa umiliki.