MJADALA: Lawama za Subaru ziende kiwandani, kwa fundi, au kwetu tunaonunua?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilifunguliwa kifuniko cha mkanda wa taiming, ule unaofanya vali na pistoni za injini ziende kwa zamu, kwenye Subaru Forester niliyonunua miezi mitatu nyuma. Aliyeniuzia, mwenye yadi moja hapa Dar, aliniapia kwamba mkanda ni mpya. Fundi alipomaliza bolti za spana namba kumi na kifuniko kikatoka, tukaukuta mkanda una nyufa mgongoni na maandishi yake yamefutika kabisa. Dashibodi inasoma kilomita 118,000. Mkanda ule hubadilishwa kwenye 100,000. Kwenye injini hizi ukikatika mkiwa mwendoni, vali zinagongana na pistoni, na hapo hutengenezi tena, unaanza kutafuta injini nyingine.

Rafiki yangu aliposikia akasema, "Si nilikwambia Subaru ni bovu?" Kauli hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Mkanda ule haukuwa ubovu wa Subaru, ulikuwa uongo wa muuzaji. Lakini si kweli pia kwamba kiwanda hakina lawama, na sisi tunaolipenda gari hili tunakosea tunapolifunika jambo hilo.

Turudi nyuma kidogo. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, lile lile ambalo wazee wa pwani walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nembo ina nyota moja kubwa na ndogo tano, kwa sababu mwaka 1953 kampuni tano ziliungana kuwa Fuji Heavy Industries, ndiyo iliyotengeneza magari ya Subaru. Asili ya zote ni Nakajima, kiwanda cha ndege kilichoanzishwa mwaka 1917 na Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, huko Ota mkoani Gunma. Vita ilipokwisha mwaka 1945 Japani ikakatazwa kutengeneza ndege na kampuni ikavunjwa vipande. Mafundi wa ndege wakageukia skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za mwanzo zilivaa matairi ya mkia wa ndege za kivita. Kila nikiliwaza hilo nawaheshimu watu wale.

Mwaka 1958 ikatoka Subaru 360, kigari cha cc 356. Kilipofika Marekani, jarida la Consumer Reports la mwaka 1969 likakipa hukumu ya "haikubaliki". Jarida hilo hilo, Desemba 2024, liliiweka Subaru namba moja kwa kutegemeka, mbele ya Lexus na Toyota. Kwa hiyo anayesema Subaru ni bovu na anayesema Subaru haifi, kila mmoja ana karatasi ya kutuonyesha. Ndiyo maana mabishano yetu hayaishi. Tunabishania jina la gari, wakati ilitakiwa tuulizane injini ipi na ya mwaka gani.

Injini yenyewe ni boksa, tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966. Silinda zimelala ubavuni, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zinarushiana ngumi. Uzito unakaa chini, gari linashika barabara kwenye kona hata ukikimbia. Lakini kulala huko kuna gharama. Kuna hedi (kichwa cha silinda) mbili badala ya moja, kwa hiyo gasketi za hedi, zile zinazoziba kati ya hedi na bloku, nazo ni mbili, na sehemu ya chini ya gasketi ndipo oili na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) vinapotuama injini ikizimwa. Kubadili plagi tu, fundi anaanza kwa kutoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande wa pili, kisha anaingiza mkono kati ya injini na boriti ya chesisi bila kuona anachoshika.

Sasa malalamiko. Haya si ya vijiweni, yana kumbukumbu. Injini za cc 2500 za familia ya EJ zilizouzwa Marekani miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilijulikana kwa kuvujisha gasketi za hedi. Kampuni iliwaita wenye magari wawekewe dawa maalumu kwenye kulanti, na wakapewa waranti ya gasketi hadi miaka 8 au maili 100,000. Zikaja injini za familia mpya, FB, kuanzia mwaka 2010, zenye cheni badala ya mkanda. Wenye nazo wakalalamika kwamba oili inapungua kati ya sevisi na sevisi bila kuvuja popote. Wakaenda mahakamani mwaka 2014, na mwaka 2016 kampuni ikakubali suluhu iliyohusu magari zaidi ya 600,000, waranti ikaongezwa tena. Gia boksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua za gia, nazo zikaongezewa waranti Marekani hadi miaka 10. Na mwaka 2017 ikafichuka kwamba kwa zaidi ya miaka 30 watu wasiofuzu walikuwa wakifanya ukaguzi wa mwisho kwenye viwanda vyake vya Japani. Karibu magari 400,000 yakaitwa yakaguliwe upya.

Hapa ndipo panaponiuma. Mmarekani alipolalamika, alikuwa na waranti mkononi, mahakama, na jarida la kumsemea. Akajibiwa. Sisi tunalichukua gari la Japani likiwa na miaka saba, nane, kumi, waranti imeshakufa, kitabu cha sevisi kimebaki huko au kipo kwa Kijapani. Ugonjwa unaofahamika huko tunauona mpya huku, na tunamlaumu fundi, au mke aliyeendesha jana, au uchawi wa jirani.

Wanaosema "gari ni gari, utalitengeneza tu" naomba wafikirie eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga wakati wa ajali) za kampuni ya Takata. Subaru ni moja ya chapa nyingi zilizozitumia. Ile baruti ya amonia naitreti iliyomo ndani huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na siku ya ajali kopo lake linapasuka na kumrushia dereva au abiria wa mbele vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajali ambazo zingewaachia michubuko. Joto na unyevu wa miaka mingi ni nini kama si Dar, Tanga, Mombasa na Unguja?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: gari lisiruhusiwe kuingia nchini mpaka muuzaji wa nje aonyeshe kwamba liliitwa kiwandani (yaani kiwanda kiliwataka wenye magari ya aina hiyo wayarudishe yarekebishwe kasoro) au halikuitwa, na kama liliitwa, kwamba lilirekebishwa. Tunakagua breki, taa na kutu. Hili nalo lingekaguliwa. Nakaribisha wanaopinga.

Fundi, Arusha:

Mkuu mleta mada, nakubaliana nawe nusu. Nashika Subaru miaka 14 sasa. Nyingi zinazoingia kwetu zimetoka soko la Japani na ni cc 2000. Kwenye namba za toleo la Forester, SG5, SH5, ile tano mwishoni ndiyo inayokwambia hivyo, tisa ndiyo cc 2500. Yale ya gasketi za Wamarekani ni ya injini kubwa kuliko zetu. Ukiwatisha watu kwa hayo unaionea gari.

Zinazokuja kwangu zimechemsha, nikifungua rejeta nakuta maji ya bomba, mekundu kama chai ya mkandaa. Kulanti iliishia Japani. Jingine, mtu anamwaga kulanti, anajaza mpya, anafunga kifuniko, anaondoka. Boksa inaficha hewa. Kwenye kona ya juu ya rejeta kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa, wengi hawajui hata kama ipo. Mimi napandisha pua ya gari juu ya mawe au ramp, nafungua ile skrubu, najaza polepole mpaka kulanti itoke pale bila povu, nawasha hita iwe moto kabisa, nasubiri feni iwake mara mbili. Ni kazi ya saa nzima. Mteja anauliza kwa nini namcheleweshea kuweka maji.

Halafu matairi. Gari hili linavuta miguu yote minne muda wote. Ukiweka matairi mawili mapya mbele na nyuma yakabaki yaliyokwisha, miguu haizunguki sawa, na gia boksi inakula tofauti hiyo kila kilomita. Baadaye gari linaanza kukwama kwenye kona kama limeshikwa breki, na mwenyewe anasema Subaru ni bovu. Kiwanda kiliandika matairi manne yafanane. Nani alisoma?

Mdau, Nakuru:

Habari zenu. Mimi nimekulia kando ya barabara ya Safari Rally. Dereva Colin McRae alishinda na Subaru Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000, na kabla yao Patrick Njiru wetu alitufanya watoto wote tutake Subaru. Gari lililopita kwenye vumbi na mawe yale si la kuitwa bovu mbele yangu.

Hiyo hoja ya karatasi ndiyo siikubali. Hapa Kenya gari la zaidi ya miaka 8 haliingii, na kabla ya kusafirishwa ni lazima likaguliwe huko huko. Tayari tunalipa. Ukiongeza cheti kingine unaongeza ada nyingine, na mwisho wake anayeumia ni mwalimu anayeweka akiba miaka minne anunue Impreza ya kwanza. Mwenye pesa hataathirika. Afadhali watu wafundishwe kuuliza wenyewe.

Na tuseme ukweli kuhusu sisi vijana. Unanunua gari zuri, wiki ya kwanza unakata sailensa, wiki ya pili unaongeza msukumo wa tabo bila kugusa kitu kingine, unapiga mbio injini ikiwa baridi saa kumi na moja asubuhi. Pistoni ikivunjika unaandika mtandaoni kwamba Wajapani wamekuibia.

Mleta mada:

Fundi, hilo la cc 2000 nalichukua, nilipaswa kulisema mwanzo. Lakini injini za FB na gia boksi za CVT zimo kwenye Forester za SJ5 zinazoshuka bandarini sasa hivi, na hizo ni za Japani. Kwa hiyo malalamiko ya pili na ya tatu yanatuhusu. Mwenye SJ5 achomoe dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kila anapojaza tangi, afute, arudishe, asome. Asisubiri taa, kwa maana taa ikiwaka oili imeshapungua sana.

Ndugu yangu wa Nakuru, umenigusa kwa huyo mwalimu. Ila gharama ipo tayari, ni kwamba anailipa yeye peke yake, baadaye, bila kujua. Na taarifa ya gari kuitwa kiwandani haihitaji ada. Kiwanda chenyewe huko Japani kimeiweka wazi, ukiwa na namba ya chesisi unaitafuta bure. Muuzaji wa nje aichapishe tu na kuiambatanisha na karatasi ya mnada wa Japani inayoeleza hali ya gari. Kama akikataa kuiambatanisha, huyo mwalimu atakuwa amejua jambo kabla hajatuma pesa.

Mama wa watoto wawili, Mombasa:

Nimesoma yote. Ya injini sijui, mume wangu ndiye anayejua. Lile la eabegi limeninyima usingizi. Nina Impreza ya 2008, nawapeleka watoto shule kila siku, na gari linalala nje kwenye joto na chumvi ya bahari. Naanzia wapi?

Mleta mada:

Dada, pole na asante kwa kuuliza. Chukua kadi ya gari, utaona namba ya chesisi. Kwa gari la Japani huanza na herufi na tarakimu chache za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Usiipeleke kwenye kurasa za Wamarekani. Zile zinataka herufi na tarakimu 17, zako hazifiki, zitakukatalia na utadhani gari liko salama. Nenda kwenye tovuti ya Subaru ya Japani, sehemu ya magari yaliyoitwa kiwandani, iache simu ikutafsirie, uandike namba kama ilivyo kwenye kadi. Itakuonyesha kama gari lako limo.

Likiwemo, piga picha ya ukurasa huo, uende nayo kwa wakala rasmi wa chapa hiyo, udai jibu la maandishi. Usimruhusu fundi yeyote wa mtaani afungue usukani kuangalia, hata akiwa mzoefu. Mle ndani mna baruti. Na mpaka ujue, watoto wabaki kiti cha nyuma na mikanda wamefunga, na wewe vuta kiti chako nyuma kadiri miguu inavyofika, kifua kisikaribie usukani.

Ukipata jibu lilete hapa, hata kama ni jema. Nina uhakika hauko peke yako mwenye Impreza ya mwaka huo inayolala nje pwani.