Mwanangu anacheza duka na kuapa "haki ya Mungu" kama mimi. Mdomo wangu umeanza kunitisha

MamaTumaini_Kgm

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa shikamooni. Mtanisamehe uzi ni mrefu, naandikia simu na mtandao hapa Mwanga leo unakatakata.

Nauza dagaa na migebuka mikavu, mwaka wa 11 huu. Alfajiri nashuka mwaloni Kibirizi kupokea mzigo, saa tatu niko mezani sokoni. Mimi ni Mmoravian, mzaliwa wa Tabora, nimeolewa huku Kigoma. Naimba kwaya, sauti ya pili. Nayataja haya mjue siulizi kwa kuwa sijui Maandiko.

Jumamosi iliyopita binti yangu wa miaka 7 alikuwa nyuma ya meza anacheza duka na wenzake. Kajaza mchanga kwenye kifuniko cha chupa, ndiyo sado yake, kopo la kupimia. Mwenzake akalalamika, ghali bwana, punguza. Mtoto akaweka mkono kifuani, akalegeza sauti: "Haki ya Mungu dada'angu, hapo hata mtaji haurudi. Nakupa kwa sababu ni wewe."

Mkono kifuani, jamani! Ule mkono ni wangu. Hata ile "dada'angu" ni yangu. Meza ya pili yuko mama mmoja wa Ujiji, tumekaa pamoja miaka yote hii, alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyo kaiva," akasema, "mpe meza yake." Nikacheka na mimi. Usiku usingizi ukanipita.

Jumatatu nikaamua kuusikiliza mdomo wangu tu, nione unasema nini. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimemtaja Mungu mara 14, na hata mara moja haikuwa sala. Mojawapo hii: "Mungu shahidi, hawa ni wa usiku wa jana." Na tulikuwa kwenye mbalamwezi! Mtu wa hapa anajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanalala majumbani kwao, kwa sababu taa hazivuti kitu. Niliyemwambia ni mgeni, ametoka stesheni na begi lake mgongoni. Mwenyeji nisingethubutu.

Na mimi nilikuwa najihesabia haki kwelikweli. Sijawahi kubonyeza kitako cha sado kwa ndani kama wanavyofanya wengine, sijawahi kuchanganya waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja. Mizani yangu ina mhuri wa Wakala wa Vipimo. Basi nikadhani nimemaliza.

Sasa lenye uzito. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue ile miezi mitatu, kati ya Mei na Agosti, nilikuwa na magunia mawili ya dagaa ndani. Niliwanunua kabla ya kufungwa, kilo moja kwa shilingi 18,000. Mwezi wa saba mteja wangu wa Dodoma akaomba kilo 10. Huyu hajawahi kufika hapa, tunamalizana kwenye simu, mzigo naupakia kwenye basi. Nikamwambia kila kilo 32,000. Akauliza, mama, mbona imepanda hivi? Nikamjibu kwa sauti, na hiyo sauti bado imo kwenye simu: "Haki ya Mungu mimi mwenyewe nimewapokea kwa 29,000, hapo nabaki na elfu tatu tu, na Mungu ananiona." Akatuma hela yote. Akaandika "ubarikiwe mama".

Nilikuwa nimeisahau kabisa hadi mtoto alipoweka mkono kifuani.

Naomba mnisaidie. Maneno ya kupatana bei ni uongo kweli, au ni lugha ya soko ambayo kila mtu anaijua? Na huyu wa Dodoma nimfanyeje? Msinitupie mistari mitupu. Yakobo 3, kinywa kimoja kutoa baraka na laana, tumeiimba mpaka kwa noti. Nataka mtu aniambie kesho asubuhi mteja akiniuliza "mwisho bei gani" nifungue mdomo niseme nini.

Kijiwe_Gungu

Mama unajitesa bure. Mteja naye anasema "nina elfu tano tu hapa nilipo" na noti ya elfu kumi inachungulia mfukoni. Nani kamdanganya nani? Hiyo ni kama salamu, mtu anakuuliza hujambo unajibu sijambo na malaria imekupanda hadi kichwani. Hakuna anayekwenda mbinguni au motoni kwa salamu.

Mimi nauza mitumba. Nisipopiga kelele "bei ya kutupa, nafunga duka" naonekana mgonjwa. Na duka nalifunga kila siku mwaka wa sita huu.

MamaTumaini_Kgm

Kwa wa sokoni nakuelewa nusu. Anawashika dagaa, anawanusa, akinichoka meza ya pili ipo. Wa Dodoma alishika nini? Alishika neno langu tu.

KatekistaMstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Kasulu, nimefundisha watoto wa komunyo miaka mingi, sasa nafuga.

Mama, naona umeweka mambo mawili kwenye gunia moja. Bei ya 32,000 sioni dhambi yake. Kununua mapema na kutunza ni kazi, kuna panya, kuna unyevu, kuna hela iliyolala miezi miwili wakati ada zinadaiwa. Angekuuliza mbona imepanda, ukamwambia "ziwa limefungwa, bei yangu sasa ni hiyo", mimi nisingekuwa na neno. Lakini yeye hakuridhishwa na bei, aliridhishwa na kiapo. Hapo umeingilia amri ya kutolitaja bure jina la Mungu, ambayo kwetu Wakatoliki ni ya pili na makanisa mengine huihesabu ya tatu, halafu ukaenda na ile ya kushuhudia uongo, kwetu ya nane, kwao ya tisa. Hesabu zinatofautiana, amri ni zile zile.

Zakayo alipotubu hakuishia "nisamehe". Alitaja kiwango: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Usishtuke, sikudai mara nne. Nasema tu toba yake ilikuwa na tarakimu.

Na nikuambie langu. Niliwahi kumuuzia jirani mbuzi nikijua anaharisha. Sikusema uongo, nilinyamaza tu, nikajiona mjanja. Mbuzi akafa wiki ile ile. Hela nilimrudishia baada ya miaka mitatu, mikono inatetemeka, nimeandaa na maneno. Akazipokea, akasema "nilijua", akaendelea kupalilia muhogo wake. Sikupata ile furaha niliyokuwa naitegemea. Ila njia ya kwake sasa naipita mchana.

BintiUjiji

Asalaam aleikum na habari kwa wote. Mimi ni Muislamu, nimesoma tu nikaguswa. Kwetu kuna mafundisho ya Mtume kwamba kiapo kinaisukuma bidhaa iuzike lakini kinafuta baraka yake. Na Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Kwa hiyo mama, jirani yako wa Ujiji aliyecheka, huenda alicheka kwa kuwa na yeye anajijua. Sisi wenye "wallahi" hatujambo!

Babu yangu alikuwa na duka la mawese. Akiulizwa "haya ni safi?" alikuwa anachota kijiko anakupa uonje. Hasemi kitu.

Nyuki_Tabora

Mama Tumaini, dada wa nyumbani, karibu Tabora siku moja ule matobolwa.

Mimi nauza asali hapa mjini, na sidhani kuna biashara yenye viapo kama asali. Kila mteja anakuja na hakika kwamba umechemsha sukari. Nimewahi kuapa hadi kwa kaburi la bibi, na bibi alikuwa hai. (Alinisikia. Hilo ni la siku nyingine.)

Umeuliza useme nini kesho asubuhi, nitakujibu hilo tu. Mimi nimeacha kabisa kuzungumzia bei ya kununulia. Mteja akisema "kwani wewe umenunua ngapi?" namjibu, "hiyo ni yangu na mzee wa mizinga, yangu na wewe ni hii hapa." Nasema nikiwa natabasamu. Wengi wanacheka tunaendelea. Hakuna sheria ya Mungu inayokulazimisha kumwonyesha mteja daftari lako, lakini ukishaamua kumwonyesha, usimwonyeshe la bandia.

Kuhusu ubora, eleza badala ya kuapa. Asali yangu ikiganda wakati wa baridi watu wanasema ona, sukari hiyo. Zamani: haki ya Mungu siyo! Siku hizi namweleza kwamba asali halisi nayo huganda, aweke chupa kwenye maji ya vuguvugu aone. Wewe mgeni wa mbalamwezi ungemwambia "hawa wana siku tano, wamekauka vizuri, hawatakuozea njiani." Angenunua! Dagaa mkavu wa siku tano ana ubaya gani? Ndicho kinachonishangaza kwenye uongo wa sokoni, mara nyingi ulikuwa hauhitajiki.

Kazi yenyewe iko kwenye neno "mwisho". Nina namba mbili kichwani, ya kuanzia na ya kumalizia. Kushuka kutoka ya kwanza hadi ya pili sioni uongo, ndiko kupatana kwenyewe, na mteja anajua. Lakini nikisema "hapo nimefika", nimefika. Akigeuka aende, aende. Kwa sababu ukishasema mwisho ni elfu kumi na mbili, halafu amepiga hatua tano unamwita "njoo basi, lete kumi", ile "mwisho" ilikuwa nini? Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo iwe siyo, na mimi sikuwahi kudhani anaongelea lita ya asali.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mwezi wa kwanza nilipoteza wateja hadi mume wangu akaniuliza kama naumwa. Kuna mama mmoja aligeuka mara tatu kunitazama kama nitamwita, nikawa nimeuma ulimi, mkono umeshika kaunta. Akaenda. Hakurudi mpaka leo.

Kijiwe_Gungu

Endeleeni hivyo hivyo wote. Wateja wenu nitawapokea mimi.

Nyuki_Tabora

@Kijiwe_Gungu mwambie huyo mama asali yangu bado ipo.

MamaTumaini_Kgm

Nimerudi. Ni wiki mbili sasa, niliahidi mtu kwenye PM kwamba nitaleta mrejesho.

Kwanza mezani. Katekista na dada wa Tabora, nimewasoma kwa sauti kwa jirani yangu wa Ujiji. Akakubali tufanye wote. Yeye kwa "wallahi" yake, mimi kwa "haki ya Mungu" yangu, anayeteleza anaweka 200 kwenye kopo la blue band. Siku ya kwanza kopo liliingiza 3,800 na nyingi zilikuwa zangu. Tumenunulia chai na maandazi ya watoto. Juzi ilikuwa 600. Mteja mmoja wa siku zote aliniambia, "mama siku hizi umekuwa mkali, hunibembelezi." Sijajua kama hiyo ni sifa au ni lawama. Aliponunua alinunua nusu.

Binti yangu nimekaa naye. Nilimwambia mama alikuwa anakosea kusema vile. Akauliza, "kwa hiyo mtaji ulikuwa unarudi?" Nikasema ndiyo, ulikuwa unarudi. Akaniangalia muda mrefu. Sikujua mtoto wa miaka 7 anaweza kumwangalia mtu namna ile.

Sasa Dodoma. Nilipiga simu mara mbili nikakata kabla haijaita. Ya tatu akapokea. Nikamweleza yote: magunia ya ndani, 18,000, ile sauti. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba kilichokuwa cha uongo ni ile tofauti ya 18 na 29, yaani 11,000 kila kilo, kwa kilo 10 ni 110,000. Mume wangu alisema huo ni wazimu, ada ya muhula ndiyo hiyo, niombe tu msamaha. Katekista kwa maneno yake alisema bei haikuwa dhambi, na nilitamani sana kujificha hapo. Lakini nikijiuliza kama yule mama angelipa 32,000 akijua ukweli, jibu ninalo, angeniomba nipunguze, na mimi ningepunguza.

Nikamwambia nitamtumia 60,000 leo na 50,000 mwisho wa mwezi, na makato ni juu yangu.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nikaanza kusema haloo haloo. Nilikuwa nimejiandaa aseme "usijali mama, yamepita, ubarikiwe". Nisiwafiche, nilikuwa naisubiri hiyo kabisa, na ikiwezekana aongeze "hela baki nayo".

Akasema: "Sawa. Tuma. Na wale wa Krismasi, kilo sita, nao uliapa. Wale ulinunua ngapi?"

Nimemwambia anipe mpaka Ijumaa. Daftari la mwaka ule liko juu ya kabati, chini ya vitenge vya kwaya. Nikimaliza kuandika hapa nalishusha.