Ile A380, lile dege la ghorofa mbili, iliyonikatizia Dar: hawa jamaa wanaotengeneza simuleta, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, wanatuonaje?

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Wahusika mnawajua, siwataji.

Nimetoka Mwanza na ATR 72, ndege ya mapangaboi mawili, karibu saa mbili angani, hata chai sijanywa. Gongo la Mboto nimeshaipita, flapu chini, magurudumu chini, taa tatu za kijani, mnara umeniruhusu kutua njia 05. Nipo futi 200. Futi 200! A380 ikaingia mbele yangu. A380, Dar! Ikakaa juu ya ile namba 05, ikatulia kama daladala inayojaza abiria Mbagala.

Mnara unaniambia paa, zunguka upya. Yaani mimi ndiye mkosaji! Nikazunguka, nikarudi: ipo. Mara ya tatu haikuruka wala haikuondoka, ILIYEYUKA. Na mnara bado unasema njia ina ndege!

Rubani wa kweli husubiri kwenye mstari, hachomoki mbele ya mtu aliyesharuhusiwa kutua. Hata bodaboda huchungulia kabla ya kuingia barabarani. Futi 200, wakuu. Mpaka madirisha yake nimeyaona.

Jibu 1: Pole mkuu. Kwangu Kilimanjaro mbili zilikutana uso kwa uso zikielekea kuruka, hakuna anayempisha mwenzake, nyuma foleni. Nimekula, nimeoga, nimerudi, zipo.

Jibu 2: Na ka-ATR kako unagombana na A380? Ungetua juu ya bawa lake, nafasi ipo 😂

Mleta uzi: Futi 200 mkuu! Hili si la utani. Nilikuwa na ruhusa!

Jibu 3: Alikuwa na ruhusa, jamani. Mpeni maji.

Jibu 4: Zile ndege zinaendeshwa na kompyuta, hazina macho, zinafuata ratiba na mstari uliochorwa uwanjani. Hamia kule tunakoruka mtandaoni, mnarani anakaa binadamu.

Jibu 5: Binadamu yupi? Jana nimeita Dar dakika 20, kimya. Wote wamejazana Ulaya. Nimejitangaza, nimejijibu, nikatua mwenyewe.

Jibu 6: Nyie angalau mnaruka. Mimi sasisho limenimalizia bando la mwezi, limefika asilimia 98 umeme ukakatika. Kuwasha tena, linaanza sifuri.

Jibu 7: Asilimia 98!!! Uwiii. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye A380. Iliyeyuka, mnanielewa? ILIYEYUKA.

Jibu 8: Jibu 6, pakua usiku wa manane na bando la usiku, na kompyuta iwe ya mapajani, umeme ukikatika betri inabeba.

Jibu 9: Ya mapajani inachemka kama jiko. Yangu imeyeyusha gundi ya kibandiko.

Jibu 10: Weka vifuniko viwili vya soda chini yake, hewa ipite. Na kuna mwenye usukani wa kuuza? Wangu unavuta kushoto.