Kachomoa diski ikiwa asilimia 83! Yule jamaa wa skrini leo kanimaliza mbele ya mama wa bibi harusi

Lenzi Kongwe:
Wakuu, sasa hivi ni saa nane usiku, sijavua hata viatu, begi la kamera bado liko mgongoni. Nisipoandika sitalala.

Yule jamaa wa skrini. Simtaji, na hana haja ya kutajwa. Ukishafanya kazi kumbi mbili tu kuanzia Sinza mpaka Mbezi Beach umeshakutana naye: miwani ya jua saa nne usiku, funguo kiunoni kama askari magereza, kila mtu kwake ni "dogo" hata awe mzee wa kanisa. Huyo huyo. Leo KACHOMOA DISKI YANGU.

Ikiwa inakopi picha, imefika asilimia 83! Kadi ya pili ya kamera hiyo, zimebaki kama dakika sita. Kachomoa kama anang'oa muhogo, hakuuliza, hakuniangalia hata usoni, akachomeka waya wa simu yake. Na simu yenyewe ilikuwa na chaji asilimia 40, nimeiona kwa macho yangu.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, huu mwaka wa kumi na mbili. Programu ya kuhifadhi picha nimeiandika mwenyewe, na sikuiandika kwa kutafuta sifa. Mwaka 2019 nilipiga Komunio ya Kwanza, wiki hiyo hiyo nikapiga sendofu. Nikon ikifika DSC_9999 inarudi kuanza DSC_0001, na mimi nilikuwa na kamera mbili, kwa hiyo majina yakagongana. Kompyuta ikaniuliza kama nibadilishe mafaili yaliyopo. Usingizi umenijaa, nikabonyeza ndiyo. Mtoto anapokea Komunio, akafunikwa na keki ya sendofu. Mama yake alinipigia simu analia, na mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia akiangalia pembeni.

Ndipo nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, miezi minane, kila usiku watu wakishalala. Programu yangu inasoma kila picha na kuikokotolea alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 ambazo hubadilika kabisa hata ikiguswa nukta moja tu ya picha. Inaipa jina jipya kwa tarehe na saa iliyopigwa, kutoka kwenye EXIF (maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha), na namba ya zamani inabaki mwishoni. Inakopi kwenye laptopu, inakopi kwenye ekstenali, yaani diski ya nje. Halafu inarudi kuzisoma nakala zote upya na kulinganisha alama. Zikilingana, jina linageuka kijani. Kadi yangu siifomati mpaka orodha yote iwe kijani kuanzia juu mpaka chini.

Orodha ilikuwa inageuka kijani, moja moja, naitazama. AKACHOMOA.

Halafu akasema, kwa sauti ya kipaza sauti maana ndivyo anavyoongea hata akiomba maji: "Dogo, kaprogramu kako kanakopi au kanachemsha maharage? Wenzio tunakopi, tunapesti, tunakwenda kulala." Mama wa bibi harusi akacheka. Mweka hazina wa kamati akacheka mpaka akashika meza. Jamaa akaona bado, akawaambia kamati wasijali, picha watazipata kijana akishamaliza mtihani wake wa kompyuta.

Mtu huyu hata ukimpeleka wodi ya wagonjwa mahututi atachomoa mashine achaji simu.

Ekstenali yenyewe imefomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili. Ukiichomoa inapoandikwa imekula kwako. Nimefika nyumbani nimeichomeka, laptopu inaniambia diski haisomeki, niifomati. Ndani kuna harusi kumi na moja.

Mbele ya mama wa bibi harusi, wakuu. Asilimia 83. Huyu mtu anafanywa nini?

Bawa la Kunguru:
Nilipofika kwenye miwani nimeshamjua. Kwenye harusi ya kaka yangu alizima skrini katikati ya kiapo akaweka tangazo lake mwenyewe, namba ya simu na kila kitu. Padri akasimama anasoma tangazo.

Nyundo Baridi:
Miezi minane unaandika kitu cha kukopi na kupesti. Mkuu, mimi miezi minane nimejenga nyumba mpaka linta.

Lenzi Kongwe:
Hujanielewa. Kukopi na kupesti hakukuambii kama nakala ni nzima. Utafungua picha baada ya mwaka ukute nusu ya juu ni bibi harusi na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Na yule hakukosea. ALICHOMOA kwa makusudi.

Fundi Usiku:
Kwa nini usitumie rsync, ile programu ya kukopi mafaili? Ipo tangu 1996, ni bure, wameiandika watu wanaojua wanachofanya.

Lenzi Kongwe:
Naijua. Kwa kawaida rsync inaangalia ukubwa wa faili na muda wake ndipo iamue kama kuna kitu kipya, na hainipi jina kwa saa ya EXIF. Hayo mawili ndiyo yaliyonitoa machozi 2019. Halafu hata ningetumia rsync angechomoa vilevile, waya ni ule ule!

Nyundo Baridi:
Umeandika kodi mwenyewe? Mimi hata ile ya nyumba inanishinda.

Kapteni wa Gati:
Samahani mleta uzi, nauliza kwa nia njema. Picha za harusi ya leo zimepotea?

Lenzi Kongwe:
Hazijapotea. Kadi zote mbili ninazo mfuko wa shati. Programu haifuti kadi.

Kapteni wa Gati:
Na hizo harusi kumi na moja?

Lenzi Kongwe:
Zipo kwenye diski nyingine kwa shemeji yangu Kibaha. Nafuata kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ilale mbali na nyumbani. Kila mwisho wa mwezi napanda daladala na diski mapajani.

Kapteni wa Gati:
Sasa umepoteza nini?

Lenzi Kongwe:
HESHIMA! Mama wa bibi harusi ana mabinti wengine watatu. Sasa hivi anajua mimi ni yule kijana wa maharage. Wewe hukuwepo, hukuona alivyochomoa. Alishika waya kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya.

Bawa la Kunguru:
Mwanzo ilikuwa muhogo, sasa panya. Tukifika asubuhi itakuwa alichomoa jino.

Fundi Usiku:
Lenzi, usiifomati hiyo ekstenali. Ijaribu kwanza kwa chkdsk, kikagua diski cha Windows, na exFAT inaikubali. Ikigoma tumia PhotoRec, programu ya kuokoa picha, ni ya bure, ila majina yote yatapotea, utapata mafaili yenye namba tu. Na kila utakachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, siyo hiyo hiyo.

Lenzi Kongwe:
Asante mkuu. Majina yakipotea si tatizo, programu inayarudisha kutoka kwenye EXIF. Unaona sasa? Hicho ndicho alichokiita maharage.

Mama Tunu:
Nimesoma uzi wote nikisubiri mpiga picha hata mmoja aniombe radhi. Nimeolewa mwezi wa tatu mwaka jana. Albamu sina. Nikipiga simu naambiwa "iko kwa mchapishaji". Nina mtoto ana miezi mitano, anakua hajui mama yake alivaa nini.

Lenzi Kongwe:
Dada pole, ila huyo si mimi. Wateja wangu wanapata albamu wiki ya sita.

Mama Tunu:
Wote mnasema hivyo.

Bawa la Kunguru:
Wewe umekosa albamu. Mimi picha nilizipata, mia nne, na kwenye mia tatu yupo dada mmoja wa gauni la njano ambaye hakuna ukoo unaomfahamu. Mpiga picha alikuja kumuoa baadaye.

Zuwena wa Magomeni:
Haya madogo. Sisi tumechanga laki moja, kadi ya watu wawili. Kufika tunakuta viti vimekaliwa, tumesimama karibu na jenereta mpaka saa tano. Na pilau likaishia meza ya sita!

Nyundo Baridi:
Laki moja siku hizi ni kadi ya mtu mmoja, dada.

Zuwena wa Magomeni:
Nani kasema? Kadi imeandikwa Bwana na Bibi. Ninayo hapa kwenye pochi.

Mama Tunu:
Kwetu Magomeni laki moja ni watu wawili na soda ya kuondokea.

Lenzi Kongwe:
Wadau tusitoke nje ya mada. Alichomoa diski ikiwa asilimia 83, mbele ya

Lenzi Kongwe:
Samahani, umeme umekatika, naandika kwa simu. Mbele ya mama wa bibi harusi.

Kapteni wa Gati:
Tumekuelewa mkuu, kapumzike. Zuwena, pilau kuishia meza ya sita ilikuwaje? Waalikwa walizidi?

Zuwena wa Magomeni:
Wazidi wapi! Msimamizi wa chakula ni shangazi yake bwana harusi. Masufuria mawili yalipanda gari kabla hata keki haijakatwa.

Mama Tunu:
Ngoja kwanza. Shangazi wa Kimara? Mfupi, ana gari jeupe, kanga kiunoni juu ya gauni la sherehe?

Zuwena wa Magomeni:
Huyo huyo!

Mama Tunu:
Jamani. Kwetu aliondoka na kreti nne za soda na mabakuli ya kukodi.

Nyundo Baridi:
Hebu fungueni uzi wake.