Tupeane uzoefu: sadaka ya Ramadhani Dodoma, kutoka gunia hadi mlangoni kwa mtu

Mwanzisha mada

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Dodoma, Kondoa, Bahi, Mpwapwa na kanda ya kati yote.

Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia Februari, halafu Januari. Kwetu huo ni wakati wa palizi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mavuno yanaanza Mei. Kwa hiyo mwezi wa kutoa umekutana na miezi ambayo ghala za wakulima zimekauka na mahindi yamepanda bei. Anayesubiri mwezi uandame ndipo aende sokoni, pesa yake italisha nyumba chache. Naomba wenye ujuzi waweke vipimo, hatua na makosa. Kuhimizana tumeshahimizana vya kutosha.

Naanza na mahindi. Wakati wa kununua ni Julai na Agosti, Kibaigwa au kijijini kwa mkulima, kwa kilo za mizani, si kwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi). Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi kiasi, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, anika tena. Yakikauka yaingie kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Kila mfuko unakamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Dumuzi anakufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Kinachoharibu kazi ni kufungua kila mara "kuchota kidogo": hewa ikiingia, dumuzi waliosalia wanaanza tena kula.

Kusaga ni wiki ya mwisho ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Dona lina mafuta ya kiini, likikaa linachacha. Kama ugawaji utachelewa, saga sembe.

Mdau wa Nkuhungu

Naongeza hapo, na hili naliomba kwa uzito. Ramadhani isigeuzwe kuwa siku ya kusafisha ghala. Mahindi na karanga vilivyoota ukungu vina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kukoboa peke yake. Mwaka 2016 iliua watu hapahapa Dodoma na Manyara. Chambua punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na usizipe mifugo wala kuku. Qur'ani, Al-Baqara aya ya 267, imekataza kukusudia kutoa kilicho kibaya ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho.

Jikoni Majengo

Mimi nizungumzie futari ya msikitini, watu 100.

Uji wa uwele: lita 35, maana wengine wataongeza. Unga kilo 3, sukari kilo 2, tangawizi, pilipili manga, ndimu mwishoni baada ya kuepua. Unga ukorogwe na maji baridi kwanza. Ukiumimina mkavu kwenye maji ya moto unapata mabuja, na huo hauokoleki. Usimimine uji unaochemka kwenye ndoo iliyokuwa na rangi au dawa. Tafuta madumu ya chakula au masufuria yenye mfuniko.

Mihogo: kilo 25 iliyomenywa, kwa hiyo nunua kama 35. Nazi huku inatoka Pwani na bei yake ni kubwa, karanga ndiyo yetu: kilo 3 za kusaga zinatosha. Chagua mihogo mitamu, onja kipande. Ukihisi uchungu, gunia zima rudisha. Chemsha bila mfuniko, mwaga maji ya kwanza, tia mengine. Karanga uikoroge na maji ya uvuguvugu, itie muhogo ukishalainika, kisha moto mdogo na mwiko usitulie, maana karanga inashika chini na harufu ya kuungua inaingia sufuria nzima.

Tende ndogo, kilo moja ina kati ya 100 na 130. Tatu kwa mtu ni kilo 3.

Muda: adhana ya magharibi ya Dodoma inachelewa takriban dakika 14 kuliko Dar es Salaam. Wapishi na wagawaji wasifuate adhana ya redio ya Dar, watafuturisha watu jua bado lipo! Na chakula kiive karibu na muda wenyewe. Kunde na maharage yaliyopikwa adhuhuri na kufunikwa hadi jioni kwa joto letu hili yanachacha, na watu 100 wanaumwa tumbo usiku wa daku.

Mtunza hesabu wa msikiti

Dada wa Jikoni, futari hiyo igharamiwe na sadaka (ya hiari), si zaka (ya lazima). Zaka lazima iwe mali mkononi mwa anayestahiki katika yale makundi nane ya At-Tawba aya ya 60. Kwenye mkeka wa futari anakaa mfanyabiashara, anakaa mtumishi wa serikali, wote wanakula. Kwa hiyo tenganisha namba za simu za michango au angalau daftari: zaka, fitri (ya kabla ya swala ya Idi), fidya (ya asiyeweza kufunga), sadaka. Mtu akituma bila kusema ni ya nini, mpigie umuulize siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka. Na makato ya kutoa pesa yahesabiwe, yasilipwe kutoka kwenye fitri ya mtu.

Zaka ya biashara: jumlisha fedha taslimu, iliyo benki na kwenye simu, bidhaa kwa bei ya kuuzia ya siku ile, na madeni unayotarajia kulipwa. Rafu, mizani na pikipiki ya kazi havimo. Ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka wa hijria (wa mwezi mwandamo) umepita, toa asilimia 2.5. Kila milioni 20 hapo ni laki 5. Anayefunga hesabu kwa mwaka wa miladia (Januari hadi Desemba) atoe asilimia 2.577, kwa sababu mwaka wa hijria ni mfupi. Wazazi na watoto unaowajibika kuwalisha hawapewi zaka yako.

Wa Kondoa

Wakulima wenzangu, zaka ya mazao haingoji Ramadhani. Haki yake inatolewa siku ya mavuno: kwa kilimo cha mvua ni sehemu ya kumi, kwa cha kumwagilia kwa gharama ni nusu ya hapo, mazao yakifikia pishi 300 (pishi ni kipimo cha ujazo, kilo zake nazitaja hapo chini). Mbuzi ni kuanzia 40, anatoka mmoja.

Fitri sasa. Pishi moja kwa kila kichwa, mtoto mchanga pia. Huku huhesabiwa kilo 2.5, wengine hutoa 3 kwa tahadhari. Nyumba ya watu 7 ni kilo 17.5. Sado (kopo la kupimia) la sokoni lisitumike, mengine yamesukumwa kitako ndani. Kamati nyingi zinakwama hapa: zinakusanya fedha hadi tarehe 29 ya Ramadhani, mwezi unaandama usiku, maduka yamefungwa, na fitri ikitolewa baada ya swala ya Idi inakuwa sadaka ya kawaida. Nafaka iwe imenunuliwa na kufungwa kufikia tarehe 25. Vijiji vya ndani vipelekewe mapema zaidi, makorongo yakijaa gari halipiti.

Chang'ombe

Kifurushi cha nyumba ya watu sita, siku kumi: unga kilo 12, mchele 5, maharage 3, ngano 2, sukari 2, mafuta lita 2, tende nusu kilo, chumvi, majani ya chai. Mfuko wa sukari wa kilo 50 upangie vifungu 24, kuna kumwagika. Weka pia hela ya mkaa, maharage hayaivi kwa dua. Pakia kwenye ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na ndoo zitabaki kuchotea maji. Peleka usiku baada ya tarawehe, mlango kwa mlango. Foleni na picha za wapokeaji, hapana kabisa. Jirani Mkristo mwenye njaa naye apewe kutoka kwenye sadaka.

Mdau wa Ipagala

Naomba kuuliza, fidya ya bibi mgonjwa asiyeweza kufunga ni kiasi gani?

Wa Kondoa

Kibaba kimoja kwa kila siku, na vibaba vinne ndiyo pishi. Kwa kilo 2.5 za pishi, kibaba ni gramu 625. Siku 30 ni kilo 18.75. Toa chakula mnachokula nyumbani. Apewe maskini, na unaweza kutoa kidogokidogo kila siku inapopita. Mwezi ukiwa wa siku 29, ni kilo 18 na gramu 125.